Maswali ya Wasomaji: Marehemu Aliyeendelea Kuchora

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Binti yangu aliyeko masomoni Polandi ameniletea kalenda ya ukutani yenye picha za mji wa Warsaw wa zamani, na chini ya kila picha pameandikwa jina Canaletto pamoja na mwaka. Picha moja ya barabara imeandikwa 1777. Nilipofungua kamusi elezo niliyo nayo nyumbani, nikakuta kwamba Canaletto, mchoraji wa Venezia, alifariki mwaka 1768. Je, kalenda imekosea, au marehemu aliendelea kuchora? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kalenda yako iko sawa, na kamusi yako iko sawa pia. Jina hilo lilibebwa na watu wawili, mjomba na mpwa wake, na aliyechora picha za kalenda yako ni yule mpwa. Jina lake halisi ni Bernardo Bellotto. Alizaliwa Venezia mwaka 1722, akafariki Warsaw mwaka 1780, na miaka 33 ya mwisho ya maisha yake aliimaliza nje ya Italia.

Kiswahili kinatupa nafuu katika jambo hili, maana lugha nyingi za Ulaya hutumia neno moja kwa kaka wa mama na kwa kaka wa baba. Canaletto wa kwanza, ambaye jina lake kamili ni Giovanni Antonio Canal, alikuwa mjomba hasa wa Bellotto: mama yake Bellotto, Fiorenza Canal, alikuwa dada wa mchoraji huyo. Kwa hiyo ufundi katika ukoo huu ulimfikia kijana kwa upande wa kikeni, naye akajikuta ana jina la baba ambalo hakuna mnunuzi wa picha aliyelijua, wakati jina la kwa mama yake lilikuwa likinunuliwa kwa dhahabu.

Ukoo wenyewe ulianzia jukwaani. Babu, Bernardo Canal, alikuwa mchoraji wa mandhari za majukwaa ya opera, kazi inayomtaka mtu ajue kuyahadaa macho: aonyeshe ukumbi mrefu wenye safu za nguzo juu ya kitambaa kilichotundikwa hatua chache tu nyuma ya mwimbaji. Wanawe Giovanni Antonio na Cristoforo walifanya kazi hiyo pamoja naye, na miongoni mwa maonyesho waliyoyapamba zilikuwemo opera za mtunzi wa muziki Vivaldi. Mnamo 1719 na 1720 Giovanni Antonio alikuwa Roma na baba yake kwa kazi kama hiyo, na ni baada ya safari hiyo alipoliacha jukwaa akageukia kuuchora mji wenyewe, maji yake, majumba yake na watu wake. Kwa kuwa Canal alikuwa baba, mwana akaitwa Canaletto, yaani Canal mdogo.

Wateja wake wakubwa walikuwa Waingereza matajiri, hasa vijana waliozunguka Italia kukamilisha elimu yao na kutaka kurudi na kumbukumbu ya kutundika ukutani. Mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Venezia, Joseph Smith, ndiye aliyemuunganisha nao. Kazi zilipokuwa nyingi kupita mikono ya mtu mmoja, mpwa akaingizwa katika karakana ya mjomba akiwa bado mvulana, akafundishwa kupima, kuchora kwa kalamu, kuchanganya rangi na kunakili. Alijifunza haraka mno. Mwaka 1738, akiwa na umri wa miaka 16, aliandikishwa katika chama cha wachoraji wa Venezia, na hadi leo wataalamu hubishana juu ya baadhi ya picha na michoro ya miaka hiyo kama ni mkono wa mjomba au wa mpwa.

Baadaye, alipoanza kufanya kazi ugenini, alitia saini yake kwa Kiitaliano hivi: Bernardo Bellotto detto Canaletto, maana yake Bernardo Bellotto aitwaye Canaletto. Ndugu yake mdogo, Pietro Bellotti, naye alikuwa mchoraji, akahamia Ufaransa na kuishi Toulouse, na huko naye akajitambulisha kwa jina hilo hilo la ukoo wa mama. Hesabu yako basi iongeze mmoja: Canaletto walikuwa watatu.

Wapo wanaomwita Bellotto mwizi wa jina. Mimi naona neno hilo ni kali kupita kosa lenyewe. Jina la karakana lilikuwa mali, na kijana aliyeitumikia karakana hiyo tangu utotoni alikuwa na sababu ya kulidai. Hata hivyo, sitamtetea hadi mwisho, kwa kuwa wateja wa Ujerumani na Polandi ambao hawakuwahi kumwona mjomba walikuwa tayari kuamini kwamba wamempata Canaletto mwenyewe, na sioni dalili kwamba Bellotto alijihangaisha kuwatoa katika imani hiyo. Ndiyo maana mpaka leo Wapolandi wanapotaja Canaletto wanamkusudia yeye, na kalenda yako imefuata desturi hiyo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sanaa. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba wachoraji wa mandhari wa Venezia walitumia kamera hata kabla ya upigaji picha kuvumbuliwa, na sasa wananiambia kwamba watu hao walikuwa wanakili tu. Niwajibu vipi? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Usiwajibu kwanza. Wape chombo chenyewe wakijaribu. Tafuta boksi la viatu, litoboe upande mmoja tundu dogo la sindano, upande wa pili uondoe kadibodi na ubandike karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kisha mwanafunzi ajifunike shuka kichwani na kulielekeza tundu kwenye jengo lenye jua kali. Ataliona jengo hilo kwenye karatasi, dogo na lililopinduka juu chini. Mchoraji wa karne ya 18 aliongeza lenzi mahali pa tundu na kioo kilichoinamishwa ndani ya sanduku, kioo ambacho kiliirusha taswira juu, ikatua kwenye bamba la kioo lenye ukungu, naye akaweka karatasi hapo na kufuatisha mistari kwa kalamu. Katika Jumba la Makumbusho la Correr huko Venezia limo sanduku la namna hiyo lenye maandishi ya jina A. Canal.

Wakishajaribu, waulize wamepata nini. Watakuwa wamepata mistari iliyotetemeka ya paa na madirisha, picha ndogo yenye kingo zilizofifia, na eneo jembamba mno. Uwanja mzima haukuingia. Canaletto aliacha daftari la michoro ya penseli na wino, ambalo sasa liko katika majumba ya sanaa ya Accademia huko Venezia, na humo inaonekana jinsi alivyouchukua ukingo wa mfereji kipande baada ya kipande, kurasa zikifuatana, kila kipande kikiwa na maandishi mafupi ya kumkumbusha. Vipande hivyo vilikuja kuunganishwa karakanani kwa rula na bikari, na katika kuunganisha ndipo mchoraji alipoamua: mnara huu usogee kidogo, ukuta ule ufupishwe, mto upanuke ili jicho lipate pa kupumzikia.

Sasa mchukue Bellotto, mpeleke Dresden mwaka 1748, mbele ya turubai lenye upana wa zaidi ya mita mbili. Yuko ng'ambo ya kulia ya mto Elbe, chini kidogo ya daraja la Augustus. Upande wa kushoto wa picha linaonekana kuba la kanisa la Frauenkirche, lililokamilika miaka mitano tu kabla, mwaka 1743. Upande wa kulia limesimama kanisa la Kikatoliki la mfalme, kazi ya msanifu Mwitaliano mwenzake Gaetano Chiaveri, nalo bado linajengwa: mnara wake umezungushiwa jukwaa la miti la mafundi. Mtu aliyetaka kumpendeza mfalme angeuchora mnara uliomalizika. Bellotto amechora boriti moja baada ya nyingine, na kivuli cha kila boriti. Sanduku la giza halikumwambia afanye hivyo.

Halikumpa pia rangi. Wanafunzi wako wakiweza kuziweka picha za mjomba na mpwa pamoja, wataona tofauti bila kufundishwa. Mjomba ana mwanga wa dhahabu na maji yanayometameta, na mji wake unaonekana daima kama siku ya sherehe. Mpwa ana mwanga baridi wa rangi ya fedha, anga zenye mawingu mazito, kijani kilichokolea, na vivuli virefu vyeusi vinavyokata uwanja kama ukingo wa kisu. Mimi, nikiulizwa nichague, namchukua mpwa, ingawa najua wengi watachagua Venezia yenye jua.

Tena alikuwa mchoraji wa mandhari kwa maana pana kuliko mjomba wake. Kabla ya kuondoka Italia, alipopita Lombardia mwaka 1744, alichora kijiji cha Gazzada katika picha mbili zilizoko sasa katika jumba la Brera, Milano: mapaa, miti, milima ya mbali na anga, bila kanisa maarufu wala mfereji wa kuvutia watalii.

SWALI: Mhariri, je, mchoraji wa wafalme wawili alikufa tajiri? Nauliza kwa sababu mimi nachora mabango ya maduka na bado nawadai watu. (Mchoraji, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, utapata mwenzako hapa.

Bellotto alianza vizuri sana. Alikuwa ameoa mwaka 1741 na kupata mtoto wa kiume, Lorenzo, na mwaka 1747 akaitwa Dresden na Augustus wa Tatu, aliyekuwa mtawala wa Saksonia na papo hapo mfalme wa Polandi. Mwaka uliofuata aliteuliwa rasmi kuwa mchoraji wa mfalme kwa mshahara wa thaler (sarafu za fedha za Ujerumani ya wakati huo) 1,750 kwa mwaka, ambao hakuna msanii wa baraza lile aliyekuwa amewahi kulipwa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Akachora Dresden, kisha mji mdogo wa Pirna ulio juu zaidi kwenye mto huo huo, kisha akaanza picha tano za ngome ya Königstein iliyojengwa juu ya jabali.

Aliyemtia hasarani ni waziri mkuu, Bwana Heinrich von Brühl, ambaye alitaka naye awe na picha kama za mfalme. Bellotto akamchorea nakala kubwa za mandhari za Dresden na Pirna. Waziri alizipokea picha, akazitundika, na malipo hakutoa. Alipofariki mwaka 1763, mchoraji alijaribu kuwadai warithi wake, lakini hakufanikiwa. Mkusanyiko wa Brühl ukauzwa kwa Catherine, malkia wa Urusi, ndiyo sababu picha hizo ziko leo katika jumba la Hermitage huko Saint Petersburg, zikitazamwa na maelfu ya watu, bila aliyezichora kuonja hata senti yake.

Vita ndivyo vilivyommaliza kabisa. Mwaka 1756 Frederick wa Pili wa Prussia aliivamia Saksonia na kuanzisha ile iitwayo Vita ya Miaka Saba. Mfalme alikimbilia Warsaw, na mchoraji asiye na mfalme hana mshahara. Picha tano za Königstein hazikumfikia aliyeziagiza. Bellotto alikwenda Vienna mwaka 1759, akamchorea Maria Theresa, mtawala wa Austria, viwanja vya mji na kasri la Schönbrunn, halafu akapita Munich mwaka 1761. Alipokuwa mbali, mnamo Julai 1760, mizinga ya Prussia iliupiga mji wa Dresden, na nyumba yake ikaangamia pamoja na vitu vyake.

Aliporudi alichora picha ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote alizozifanya. Kanisa la Kreuzkirche lilikuwa limepigwa katika mashambulizi hayo, na mwaka 1765, wakati wa ukarabati, mnara wake ulioharibika uliporomoka. Bellotto aliweka turubai lake mbele ya kifusi. Kipande cha mnara kimebaki kimesimama, kimepasuka kuanzia juu hadi chini, hivi kwamba unaona vyumba vya ndani kama unavyoona ndani ya kichuguu kilichokatwa na jembe. Wafanyakazi wadogo kama sisimizi wako juu yake, wengine wamo katika rundo la mawe, na wakazi wa mji wamesimama wakitazama, wamevaa nguo zao za kila siku. Mchoraji mwenye sifa ya kupendezesha miji hakutia hapo pambo lolote: ametumia rula ile ile na subira ile ile aliyoitumia kwenye majumba ya mfalme, na hapo ndipo ubaridi wa mkono wake unapotisha.

Augustus alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1763. Utawala mpya, uliokuwa unabana matumizi, ulimpa Bellotto kazi ya kufundisha kanuni za mtazamo, yaani namna ya kuonyesha umbali katika mchoro, kwenye chuo kipya cha sanaa, kwa mshahara wa thaler 600. Linganisha na 1,750. Mwishoni mwa mwaka 1766 aliondoka na Lorenzo, akikusudia kwenda Urusi kutafuta kazi kwa Catherine. Njiani akasimama Warsaw. Mfalme mpya wa Polandi, Stanisław August Poniatowski, alimwona, akamzuia, na mwaka 1768 akamfanya mchoraji wake. Urusi hakufika.

Kuhusu utajiri, basi, jibu ni hapana. Alipata heshima na riziki, utajiri haukumfikia. Na kama unataka kuumia zaidi, zile picha za Königstein ambazo hazikumfikia mfalme zilifika Uingereza katika karne hiyo hiyo, na mwaka 2017 jumba la sanaa la taifa la London lilinunua moja yao kwa pauni milioni 11.67.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia redioni kwamba mji wa Warsaw ulijengwa upya baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kufuata picha za mchoraji. Nikamwambia fundi wangu wa ujenzi, akacheka. Nani mkweli? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Redio ilisema kweli, na fundi wako alikuwa na haki ya kucheka.

Tuanze na ukweli. Kati ya 1770 na 1780 Bellotto alimchorea Stanisław August picha 26 za Warsaw na viunga vyake, zitundikwe katika ukumbi mmoja wa Kasri la Kifalme, na 22 kati ya hizo ziko katika kasri hilo leo. Picha zenyewe zina safari ndefu kuliko mchoraji wake: maofisa wa Napoleon walichukua baadhi, baadaye watawala wa Urusi wakazichukua zote na hazikurejea hadi miaka ya 1920 kufuatia mkataba wa Riga, wa amani kati ya Polandi na Urusi ya Kisovieti, na Wajerumani wakazichukua tena katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya maasi ya wakazi wa Warsaw ya mwaka 1944, askari wa Kijerumani waliubomoa mji kwa baruti na moto, nyumba kwa nyumba, na zaidi ya asilimia 85 ya mji wa kale iliangamia. Kasri lililipuliwa. Picha zilisalimika kwa kuwa zilikuwa zimeporwa.

Mwaka 1945 ilianzishwa ofisi ya ujenzi mpya wa mji mkuu, na idara yake ya majengo ya kale iliongozwa na msanifu Jan Zachwatowicz. Wataalamu hao walizitumia picha za Bellotto, hasa kwa barabara ya Krakowskie Przedmieście na ya Miodowa, ambako nyumba kadhaa zilirudishwa katika umbo la karne ya 18 alilolichora, badala ya umbo zilizokuwa nalo siku moja kabla ya vita. Ghorofa zilizoongezwa katika karne ya 19 hazikujengwa tena. Kasri la ukoo wa Branicki lilirudishiwa hata sanamu za ukingo wa paa kwa kuangalia turubai lake. Ukitembea leo katika barabara ya Krakowskie Przedmieście utakuta nakala za picha zake zimesimamishwa pembezoni mwa njia, mpita njia apate kulinganisha.

Sasa kicheko cha fundi. Picha haina vipimo. Haionyeshi unene wa ukuta, wala ngazi ziko upande gani, wala nyuma ya nyumba pakoje. Vitu hivyo vilitoka kwenye michoro ya kisanifu ambayo walimu na wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Warsaw walikuwa wameichora kwa kupima majengo hayo kabla ya vita na hata wakati wa uvamizi kwa siri, wakaificha katika monasteri moja huko Piotrków. Bila karatasi hizo, turubai zote za Bellotto zisingeliweza kusimamisha hata kibaraza. Uwanja wa soko wa Mji Mkongwe, ambao watalii huutaja kwanza wanaposimulia habari hii, unadai karatasi hizo zaidi kuliko unavyomdai Bellotto, ambaye jicho lake lilipenda barabara pana na majumba makubwa ya wakati wake.

Kuna kikwazo kingine, nacho kinaturudisha kwenye jukwaa la babu. Bellotto aliyajua majengo barabara, na kwa sababu hiyo aliweza kuyarekebisha pasipo mtu kushtuka. Baadhi ya kuta alizipamba au kuzinyoosha, na baadhi ya majengo aliyaonyesha kama wasanifu walivyokusudia yawe, hali hayakuwahi kumalizika hivyo. Mfano ulio wazi zaidi ni picha yake ya kuchaguliwa kwa Stanisław August kuwa mfalme, katika uwanja wa Wola. Uchaguzi huo ulifanyika mwaka 1764, na yeye alifika Warsaw zaidi ya miaka miwili baadaye. Alichora toleo la kwanza mwaka 1776 na la pili mwaka 1778, yenye umati wa watu na farasi, kwa uhakika wa mtu aliyekuwa amesimama hapo. Hakuwa amesimama hapo.

Naye hakuficha imani yake. Katika picha moja ya majengo ya kubuni, iliyochorwa karibu na mwaka 1765, amejichora mwenyewe amevaa joho la kifahari la mheshimiwa wa Venezia, cheo ambacho hakuwahi kuwa nacho, na ndani ya picha hiyo ameandika maneno ya mshairi Horace kwamba wachoraji na washairi daima wamekuwa na haki sawa ya kuthubutu lolote. Kwa hiyo wajenzi wa Warsaw walipomfuata, katika sehemu fulani waliujenga mji alioutamani yeye na mfalme wake. Wapo wahifadhi wanaolilaumu jambo hilo. Mimi najiuliza kama watu waliorudi kwenye vifusi mwaka 1945, bila maji wala paa, walikuwa na hamu ya kuyarudisha makosa ya wasanifu wa karne ya 19. Mwaka 1980 UNESCO iliuingiza mji huo wa kale, uliojengwa upya, katika orodha ya urithi wa dunia.

Warsaw haiko peke yake. Huko Vienna, mandhari aliyoichora kutoka bustani za Belvedere imekuwa kipimo katika mabishano ya majengo marefu: anayepinga mnara mpya hutoa picha ya Bellotto na kuuliza mnara huo utasimama wapi ndani yake. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka mji wa kale wa Vienna katika orodha ya urithi ulio hatarini, kutokana na mradi wa namna hiyo. Dresden nayo ina mahali kwenye ukingo wa Elbe ambapo wakazi hupaita kwa jina la Canaletto, na ukisimama hapo unaliona tena kuba la Frauenkirche, lililoanguka katika mashambulizi ya Februari 1945 na kuwekwa wakfu upya mwaka 2005.

SWALI: Je, ufundi wa ukoo huu uliendelea baada yake? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Haukuendelea. Mjomba, Canaletto wa kwanza, hakuoa wala hakuacha mtoto. Tumaini la Bellotto lilikuwa Lorenzo, ambaye alikuwa amekwisha kuwa msaidizi wake. Baba na mwana walichora pamoja mandhari za Roma kwa ajili ya kasri la Ujazdów, wakitegemea michoro iliyochapishwa ya msanii Mwitaliano Piranesi, kwa kuwa Roma ilikuwa mbali na mfalme hakuwa na subira. Lorenzo alifariki Warsaw mwaka 1770 akiwa bado kijana wa miaka 20 na kitu. Mfululizo wa picha za Warsaw, ambao umempa Bellotto jina hadi leo, karibu wote aliufanya baada ya kumzika mwanawe.

SWALI: Ni mimi tena wa Arusha. Ahsante kwa kunijibu kwa simu kabla ya gazeti kutoka. Nimebakiwa na dogo moja: amezikwa wapi, ili binti yangu apite? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Katika kanisa la watawa Wakapuchini, mtaa wa Miodowa, Warsaw. Ile picha ya kalenda yako iliyoandikwa 1777, kwa jinsi ulivyonieleza kwenye simu, ndiyo picha ya mtaa huo. Mwambie binti yako aichukue kalenda aende nayo.